Kuomba fedha za Serikali kwa utafiti wa pamoja: kazi ya kabla ya tangazo

Andiko langu la kwanza la pamoja halikukataliwa. Halikufika. Ilikuwa Ijumaa, saa tisa alasiri, mfumo wa kupokea maombi unafungwa saa kumi na moja, na barua ya mbia wetu bado haijagongwa muhuri. Mwenye muhuri alikuwa msibani Singida na simu haipatikani. Mimi nilikuwa na kurasa kumi na nne za usuli wa tatizo, zimenyooka kabisa, na hazina pa kwenda.

Tangu siku ile nimeomba mara kadhaa, nikapata na kukosa, na nimewahi pia kuketi upande wa pili wa meza kupitia maandiko ya wenzangu. Ninayoandika hapa ni kwa mhadhiri au mtafiti aliye Tanzania anayetafuta fedha za umma kwa utafiti ambao chuo hakiwezi kuufanya peke yake, kinahitaji kiwanda, taasisi ya utafiti, kikundi cha wazalishaji au chuo cha nchi nyingine.

Fedha zenyewe ziko wapi

Mlango mkubwa ni COSTECH, Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 1986 ikachukua nafasi ya baraza lililoitwa UTAFITI. Ofisi zake ziko Kijitonyama, Dar es Salaam. Ukipanda daladala mwambie kondakta unashuka Sayansi, atakuelewa. Tume ndiyo inayosimamia MTUSATE, mfuko wa taifa wa kuendeleza sayansi na teknolojia, ulioanzishwa mwaka 1995. Fedha hutolewa kwa ushindani: tangazo linatoka na maeneo ya kipaumbele, watu wanaomba, wataalamu wanapitia na kutoa alama.

Kuna pia matangazo ya pamoja baina ya nchi. Tangu mwaka 2015 mpango uitwao SGCI umekuwa ukiunganisha mabaraza yanayofadhili sayansi katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara, na humo ndimo mtafiti wa Morogoro anapoweza kuomba pamoja na mwenzake wa Nairobi au Pretoria. Kenya wana Mfuko wa Taifa wa Utafiti, NRF, uliotokana na sheria yao ya mwaka 2013. Uganda wana baraza lao la sayansi, UNCST, na Rwanda wana NCST. Matangazo ya namna hii mara nyingi hudai kila upande uwasilishe andiko lilelile kwa baraza la nchi yake. Mmoja akichelewa, wote wawili mmekwisha, hata kama upande wako umefika na wiki ya ziada.

Usisubiri msimu maalumu kama wa mvua za vuli, maana matangazo hayana kalenda ya kudumu. Fuatilia tovuti ya Tume, na jenga mazoea na watu wa kurugenzi ya utafiti chuoni kwako. Barua nyingi hufika kwao kwanza, na afisa anayekujua atakupigia simu badala ya kuituma kwenye orodha ya barua pepe ambayo hakuna anayeisoma.

Hatua ya kwanza: tafuta mbia kabla hujatafuta fedha

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu maandiko mengi yanafia hapa.

Mpitiaji anapofungua andiko la ubia, swali lake la kwanza ni hili: hawa watu wanajuana? Hatauliza hivyo kwa maneno, lakini atalitafuta jibu. Akiona mbia ametajwa mara moja kwenye ukurasa wa jalada na mara nyingine kwenye barua ya kuunga mkono, anajua kilichotokea. Mtu alimpigia rafiki yake simu siku tatu kabla ya tarehe ya mwisho.

Chukua mfano wa mwani. Tuseme unataka kutengeneza kikaushio cha jua kwa ajili ya wakulima wa mwani wa Bagamoyo. Tatizo ni la kweli: mwani unaoanikwa chini unashika mchanga, mvua za masika zikinyesha unaharibika, na mnunuzi anashusha bei. Wabia wanaofaa ni kikundi cha wakulima wenyewe, mnunuzi au msindikaji atakayesema ubora gani anautaka, na pengine fundi wa SIDO, shirika la viwanda vidogo lililopo tangu mwaka 1973, atakayetoa mchoro ambao fundi wa kawaida mtaani anaweza kuufuata.

Sasa nenda kwa wakulima kabla hujaandika neno. Mimi, kwa mradi wetu wa mwani kama huo, nilikwenda na ratiba tayari, imechapwa, yenye kusema tutakusanya takwimu “wiki ya pili ya kila mwezi”. Mwenyekiti wa kikundi akaitazama, akacheka, akamwonyesha jirani yake.

“Mwanangu, hizi tarehe zako nyingine ni maji mafu. Utatukuta nyumbani tunasuka ukili.”

Mwani unalimwa wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali, na bamvua hufuata mwezi wa angani, si kalenda ya ukutani mwa ofisi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu ndipo watu wapo shambani, siku chache tu kila mara. Ratiba yangu ingetupeleka Bagamoyo mara sita, na safari mbili au tatu kati ya hizo tungekuta bahari imejaa na shamba liko chini ya maji. Kosa hilo moja lingekula posho, dizeli na muda. Tulirekebisha, na katika andiko tukaandika wazi kwamba ziara zote zimepangwa kwa bamvua kwa ushauri wa kikundi. Sentensi moja tu. Mpitiaji mmoja aliitaja katika maoni yake kama ushahidi kwamba wabia walishiriki kupanga kazi.

Hatua ya pili: soma tangazo kwa kalamu

Lichapishe kwenye karatasi. Pigia mstari kila penye “lazima”. Tafuta mambo haya: nani anaruhusiwa kuwa mtafiti mkuu, ubia wa aina gani unatakiwa, kiwango cha juu cha fedha, muda wa mradi, gharama zisizokubalika, idadi ya kurasa. Matangazo mengine yanataka mbia wa sekta binafsi, mengine yanataka mtafiti kijana au mwanamke katika timu, mengine yanataka mbia achangie sehemu ya gharama.

Ukikuta sharti moja usilolitimiza, usijidanganye kwamba uzuri wa wazo utalifunika. Uchujaji wa awali hauangalii wazo. Anayechuja ana orodha na anaweka alama ya vema au ya mkasi.

Jambo likiwa halieleweki, uliza kwa barua pepe iliyotajwa kwenye tangazo, mapema. Wanajibu.

Hatua ya tatu: kubaliana mambo manne kwa maandishi

Hati ya makubaliano ya kurasa mbili inatosha kuanzia. Usiache mwanasheria wa chuo aigeuze kuwa kitabu kabla fedha hazijapatikana. Iseme:

Nani anaongoza. Kwa kawaida mtafiti mkuu ni wa chuo, lakini lisichukuliwe kimyakimya.

Nani anashika fedha, na sehemu ya mbia itamfikiaje. Chuo cha umma hakitoi hela kama mtu anavyotoa mfukoni. Kama kikundi cha kina mama hakina akaunti ya benki yenye jina la kikundi kilichosajiliwa, malipo yao yatakwama kwa mhasibu, na hapo urafiki unaanza kuchacha.

Nani anamiliki kitakachopatikana. Kama kuna kifaa kipya, semeni mapema nani atakwenda BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, kuomba hataza (haki ya kumiliki uvumbuzi) na mapato yatagawanywa vipi. Waambie pia vijana wenu wa uzamili wasikimbilie kuweka mchoro mzima kwenye bango la kongamano. Kitu kikishatangazwa hadharani kabla ya kuombewa hataza, mnaweza kukosa haki yenu. Mbia wa kiwanda hulijua hili kuliko wengi wetu wa chuoni.

Nini kitatokea mmoja akijitoa. Watu wanahama, viwanda vinafungwa, mkurugenzi mpya anakuja na mambo yake.

Hatua ya nne: anza na bajeti, si na usuli

Najua inasikika kinyume. Lakini bajeti ndiyo inayokulazimisha kusema kazi gani hasa itafanyika, na nani, mara ngapi. Ukiandika maelezo kwanza, bajeti inakuja kufuata maneno matamu, na hapo ndipo unakuta “Usafiri: 3,000,000” limekaa peke yake kama mgeni asiye na mwenyeji.

Mpitiaji akiona mstari kama huo anakata. Andika hivi badala yake: safari sita kutoka Dar es Salaam hadi Bagamoyo na kurudi, moja kila bamvua iliyochaguliwa, gari la chuo, lita 20 za dizeli kwa safari, watafiti wawili na dereva, usiku tatu, kwa viwango vya posho vya Serikali. Zidisha, weka jumla. Sasa mtu anaweza kukubishia lita, hawezi kukubishia safari.

Viwango vya posho viwe vya Serikali kweli. Nimeona andiko zuri likipoteza alama kwa sababu mwombaji alinakili viwango vya mradi wa wafadhili wa nje aliowahi kuufanyia kazi. Fedha hizi ni za walipa kodi na zitakaguliwa na CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, kama fedha nyingine za umma.

Vifaa vinahitaji hadhari ya pekee. Chuo cha umma kinanunua kwa Sheria ya Ununuzi wa Umma, na tangu mwaka 2023 manunuzi yanapita katika NeST, mfumo wa Serikali wa ununuzi kwa mtandao. Maana yake kikaushio chako hakitanunuliwa wiki ambayo fedha zimeingia. Kiingizwe kwenye mpango wa manunuzi wa mwaka, kitangazwe, wazabuni waombe, tathmini ifanyike. Ongea na afisa manunuzi ukiwa bado unaandika, mwulize muda halisi, kisha uweke muda huo kwenye ratiba ya kazi. Kifaa cha kuagiza nje kina jambo lingine: bei ni ya dola, ruzuku ni ya shilingi, na shilingi ikishuka katika miezi baina ya bajeti na malipo, fedha hazitatosha.

Mchango wa mbia usiandikwe kwa unyonge. Kikundi kinachotoa kamba, mbegu, eneo la kuanikia na saa za kazi kinatoa fedha, ila si taslimu. Hesabuni pamoja nao, kwa bei ya hapohapo kijijini, mkaweke kwenye jedwali. Andiko letu lilipata uzito mkubwa kutoka safu hiyo kuliko kutoka kwenye marejeo yangu yote.

Na kumbuka asilimia inayokatwa na chuo kwa ajili ya usimamizi. Kila chuo kina sera yake, na kila tangazo lina msimamo wake kama linaikubali au la. Vitu hivyo viwili visipooana, mweleze mkurugenzi wa utafiti kabla ya kuwasilisha, usisubiri mkataba.

Hatua ya tano: andika

Sasa usuli unaweza kuandikwa, na utakuwa mfupi. Kurasa mbili, wala usianze na hali ya uchumi wa dunia. Anza na mwani wenye mchanga.

Malengo yasizidi matatu. Kila lengo liwe na kazi zake, kila kazi iwe na jina la anayeifanya. Hapa ndipo ubia unapoonekana au kukosekana. Ukisoma andiko lako ukakuta vitenzi vyote ni vya chuo (chuo kitabuni, chuo kitapima, chuo kitafundisha) na mbia “atashirikishwa” tu, rudi mezani. Mbia awe na vitenzi vyake: atachagua eneo, atapima unyevu kila jioni, atamkataza mtafiti kuweka kikaushio pasipopata upepo.

Lugha iwe ya mtu mwenye kujua anachosema. Wapitiaji si wote wa fani yako. Mmoja anaweza kuwa mhandisi, mwingine mchumi. Nilimpa binamu yangu, mwalimu wa sekondari, asome muhtasari wangu. Aliuliza swali moja: “Kaka, sasa hicho kitu kikishakauka nani anakinunua?” Aya ya soko tuliiandika usiku uleule.

Hatua ya sita: vibali

Si lazima vyote viwe mkononi siku ya kuomba, lakini andiko lionyeshe unajua njia. Utafiti unaogusa afya ya watu unapita kwenye kamati ya taifa ya maadili iliyo chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Mingine huanzia kwenye bodi ya maadili ya chuo. Ukikusanya majina, namba za simu au picha za watu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu. Mbia anayetoka nje ya nchi anahitaji kibali cha utafiti cha COSTECH na kibali cha ukaazi cha daraja C kutoka Uhamiaji. Hivyo viwili viwekeeni nafasi ya kutosha kwenye ratiba, maana bila hivyo mgeni wenu atabaki kuonekana kwenye skrini tu. Zanzibar ina utaratibu wake wa vibali, kibali cha Bara hakitoshi.

Halafu kuna ngazi ambayo hakuna tangazo linaloitaja: barua kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kwenda kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, kwenda kwa Mtendaji wa Kata, hadi kwa Mtendaji wa Kijiji. Kila mmoja anaongeza barua yake juu ya ya mwenzake. Weka siku nne au tano za kazi kwa zoezi hilo, na usimruke hata mmoja. Ukimruka mtendaji wa kata, utarudishwa kwake, tena kwa miguu.

Hatua ya saba: hesabu siku kurudi nyuma

Tarehe ya mwisho ya tangazo si tarehe yako. Chukua kalenda uhesabu kurudi nyuma. Siku mbili kabla: kuwasilisha. Siku saba kabla: saini ya Naibu Makamu Mkuu wa Chuo anayeshughulikia utafiti. Kumi na nne: kurugenzi ya utafiti na idara ya fedha wapitie bajeti. Siku ishirini na moja: barua za wabia zote zimeshapigwa muhuri na ziko kwenye faili lako, zimeskaniwa vizuri, si picha ya simu yenye kivuli cha kidole.

Ndiyo, kwa hesabu hiyo andiko lenye muda wa mwezi mmoja lina wiki moja tu ya kuandikwa. Kwa sababu hiyo ubia na bajeti huandaliwa wakati hakuna tangazo lolote.

Wasifu wa kila mtafiti ukusanywe mapema pia, kwa muundo mmoja. Hakuna kinachochelewesha kama profesa anayetuma wasifu wa kurasa thelathini na mbili saa nne usiku.

Kuwasilisha kwenyewe ni dakika chache kama umeandaa. Fungua akaunti kwenye mfumo mapema, jaza sehemu fupifupi, hifadhi. Faili lisizidi ukubwa uliotajwa. Ukishatuma, piga picha ya skrini inayoonyesha namba ya ombi na utunze barua pepe ya uthibitisho. Mtandao siku ya mwisho hauna huruma.

Jibu likija

Ukikosa, omba maoni ya wapitiaji na uwasomee wabia wako, hata yale ya kuumiza. Andiko letu la mwani lilikosa mara ya kwanza kwa sababu tulidai kukausha tani ambazo kikundi hakijawahi kuvuna. Mwenyekiti alishaniambia, nikadhani ananyenyekea.

Ukipata, utaitwa kusaini mkataba. Soma ratiba ya malipo. Mara nyingi fedha hutoka kwa awamu na awamu ya pili inategemea ripoti ya utekelezaji na ya fedha ya awamu ya kwanza. Siku hiyohiyo mwone mhasibu mfungue kasma ya mradi, yaani fungu lake la pekee katika vitabu vya chuo, ili fedha zikiingia zisipotelee kwenye bahari ya fedha nyingine za chuo. Kisha mpange masurufu, yaani fedha anazotangulizwa mtu kwa kazi na kuzitolea hesabu baadaye: nani anachukua, kwa safari gani, anarejesha lini. Masurufu ambayo hayajarejeshwa yanazuia masurufu mapya, na nimeona mradi mzima ukisimama wiki sita kwa ajili ya risiti za dizeli za mtu mmoja aliyekuwa likizo.

Risiti ni za EFD, mashine ya kielektroniki ya kodi. Kijijini, penye mama anayeuza chakula cha mchana kwa watu kumi na mbili, hakuna mashine. Mwulize mhasibu mapema ni hati gani anaikubali badala yake, na beba nakala zake mkobani. Siku ya kwanza ya bamvua tulikuwa nazo nne. Tulihitaji tisa.